Toa Mkono, Dada

Nilimchagua shujaa yule kwa sababu ya upanga. Naomba hilo lieleweke kabla ya mengine yote, maana nimelieleza mara nyingi pale barazani kwetu Ufukoni na hakuna anayenisikia. Wifi yangu aliponiwekea mbele picha za wahusika ili nichague mmoja, nilimwona mwanamke aliyevaa deraya ya chuma, upanga mkononi, amesimama kama mtu ambaye hakuna wa kumtuma dukani. Nikasema, namtaka huyu. Sikuuliza ana uwezo gani mwingine.

Mchezo wenyewe aliuleta wifi. Ameolewa na mdogo wangu wa kiume, anauza kwenye duka la dawa hapa mjini, na aliujua mchezo huu alipokuwa chuoni Dar es Salaam. Unachezwa mezani, hauhitaji umeme, na anayeishi Mtwara atanielewa nikisema hiyo ni sifa kubwa. Mtu mmoja anasimulia, wengine kila mmoja anakuwa mtu fulani ndani ya hadithi. Msimulizi anasema: mmefika kwenye pango, ndani kuna kitu kinapumua. Nyinyi mnasema mnafanya nini. Mambo yakiwa na mashaka linarushwa dadu lenye pande ishirini, na dadu ndilo linaloamua kama umepiga au umekosa, umeruka au umeanguka. Kila mtu ana karatasi ya mhusika wake yenye kiasi cha uhai na vitu alivyonavyo, na kila pigo linapunguza uhai huo. Uhai ukiisha, unaanguka.

Tulikuwa tunacheza Jumapili alasiri, baada ya watu kula na kupumzika. Msimulizi alikuwa wifi. Mdogo wangu, ambaye kazi yake ni kusimamia upakiaji wa korosho bandarini, alikuwa mbabe mwenye shoka. Wa tatu alikuwa mwalimu wa fizikia, mtu wa Kagera, rafiki wa mdogo wangu tangu alipohamishiwa huku, mpole, mzee wa kanisa lao. Yeye alipewa mhusika anayerusha moto kwa kutamka maneno. Kitabu cha wifi cha sheria za mchezo kimeandikwa kwa Kiingereza, na alipotafsiri kwamba mtu wa namna hiyo ni mchawi, mwalimu akaweka kikombe chini.

"Mimi siwezi kuwa mchawi," alisema. "Hata kwa utani. Watu wa kanisani wanapita barabara hii."

Wakakubaliana aitwe msomi. Basi tukawa na mbabe, msomi, na mimi, shujaa aliyekula kiapo cha kutetea wanyonge.

Siku ile ile ya kwanza wifi akasoma uwezo wangu. Alisoma habari za upanga kwa sentensi moja, kisha akageuza ukurasa na uso wake ukachangamka.

"Halafu wifi, unaponya. Kwa kugusa. Ukimwekea mtu mkono, majeraha yanafunga."

"Kwetu kanisani tunaita kuwekewa mikono," alisema mwalimu.

Ndani dirishani, mama alikohoa. Mama yangu huwa anakaa chumba cha mbele Jumapili, mgongo kwenye ukuta, anachambua mchele au anasikiliza redio, na dirisha lake liko juu ya kiti changu. Alikohoa kikohozi cha mtu asiyeumwa.

"Tuite mkono tu," akasema wifi haraka. "Sikiliza inavyofanya kazi. Ni kama tangi la maji pale juu ya nyumba. Asubuhi limejaa. Unachota utakavyo, kidogo au kingi, unampa umtakaye, mpaka liishe. Likiisha, limeisha. Linajaa tena mkilala usiku mzima. Na lazima umguse mtu. Huwezi kumponya kwa mbali."

"Na sumu?" aliuliza mdogo wangu.

"Sumu na magonjwa anaondoa, lakini inakula maji mengi ya tangi."

Nilimwona mdogo wangu anaegemea kiti, anatabasamu. Nimemlea yule. Nilimbeba mgongoni kabla sijaanza kuota matiti, na tabasamu lile nalijua. Ni tabasamu la mtu aliyesikia kwamba chakula kimebaki jikoni.

Nieleze kidogo kuhusu siku zangu za kazi, ili ijulikane kwa nini nilitaka upanga. Nipo ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari. Msimu wa korosho malori yanapanga foleni mpaka nje, na kila dereva, kila karani, kila mwenye mzigo anapofika mezani kwangu neno lake la kwanza ni "Dada, nisaidie." Hawaendi kwa wenzangu wawili wa kiume wanaokaa karibu na mlango. Wanawapita. Nikitoka hapo nakuta simu ya shangazi anataka kujua hospitali gani ina daktari wa macho wiki hii, na nyumbani mama anasubiri nimwambie kama bomba la jikoni litatengenezwa leo au kesho. Sisemi kwamba naonewa. Nasema tu kwamba Jumapili alasiri nilitaka kuwa mtu anayekata vichwa vya mazimwi.

Haikuwa hivyo. Katika pango la kwanza mdogo wangu aliingia mbio kabla sijawasha taa, akakanyaga mtego, akachomwa mkuki wa paja. "Toa mkono, dada," alisema, na tangu siku hiyo maneno hayo hayakumtoka mdomoni. Alipanda juu ya paa la hekalu kutafuta njia ambayo ilikuwa wazi pale mlangoni, akaanguka. Toa mkono, dada. Aliona mzinga wa nyuki mtini, tukiwa hatuna njaa, hatuna haja yoyote ya asali, akaupasua kwa shoka.

"Lakini kwa nini?" nilimuuliza.

"Mbabe wangu anapenda asali."

"Umejuaje?"

"Dada, ni mhusika wangu. Nimevimba uso mzima. Toa mkono."

Mwalimu hakuwa mharibifu, ila alikuwa na ugonjwa wake mwingine. Yeye alitaka uhai wake ukae umejaa muda wote. Miiba ikimkwaruza, anainua kidole taratibu kama yuko darasani. "Dada, kama hutajali, na mimi nimepungua kidogo." Nikimwambia kidogo hicho hakina madhara, anasema sawa, hakuna shida, halafu mchezo mzima anatazama karatasi yake kwa huzuni mpaka namchotea.

Na upanga? Nilikuwa naufikia adui baada ya hao wawili kushonwa na kurudishwa kwenye miguu yao, na mara nyingi wifi alikuwa tayari ameshasema adui amekimbia.

Mama ndiye aliyenishangaza. Siku za mwanzo aliniita pembeni, jikoni, akauliza kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, huko nje mnaponyana nini?"

"Ni mchezo, mama. Ni hadithi."

"Kuponya ni kwa Mwenyezi Mungu."

"Najua mama. Hapa ni hesabu tu. Kuna namba inapungua na namba inaongezeka."

Alifikiri. "Kama vocha," alisema.

"Kama vocha."

Hilo lilimtuliza, na nilidhani yameisha. Kumbe mama alikuwa amefuata hadithi yote kutoka dirishani. Jumapili iliyofuata mdogo wangu alikuwa anapigana ngumi na mwenye kivuko, kwa sababu ya maneno tu, akapigwa, na mimi nilikuwa nasitasita kwa kuwa tangi lilibaki nusu na safari bado ndefu. Sauti ikatoka juu ya kichwa changu.

"Mpe mdogo wako mkono."

Nikageuka. Mama alikuwa ameshika ungo, ananiangalia kupitia nondo za dirisha.

"Mama, yeye ndiye aliyemtukana mwenye kivuko."

"Nimesikia. Sasa anavuja damu."

"Si damu ya kweli."

"Basi na mkono wako si wa kweli. Mpe."

Mdogo wangu alinyoosha shingo kwangu kama mbuzi anayengoja kufungwa kamba. Nilimpa. Na tangu hapo nikawa nacheza na mahakama ya rufaa juu ya kichwa. Nikimnyima, anainua macho dirishani. Mwalimu naye akajifunza. Alianza kumsalimia mama kwa urefu kabla ya mchezo, shikamoo mama, habari za mgongo, nimekuletea ndizi, na baada ya muda hukumu zikaanza kumwendea na yeye. "Huyo mwalimu ni mgeni huku," mama alisema siku moja kuhusu mkwaruzo wa mwiba. "Hana ndugu. Mwekee."

Wifi alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi. Nilimwambia yeye kama msimulizi awazuie. Alisema sheria haikatazi mtu kuwa mjinga.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye mto.

Wifi kwao ni Kitaya, mtoni Ruvuma, na hadithi yake ilikuwa imetuvuta taratibu kuelekea mto uliofanana nao sana. Alieleza matope yanayoshika mguu mpaka gotini, maji yanayorudi nyuma bahari inapojaa, mikoko iliyosimama juu ya mizizi yake kama watu waliokunja suruali. Watu wa kijiji cha mtoni walikuwa wametuambia kwamba ndani ya mikoko kuna zimwi linalokamata wanaovuka. Tulipaswa kulala kijijini, tuamke tangi limejaa, twende asubuhi. Huo ulikuwa mpango wangu na niliusema kwa sauti.

"Mbabe wangu hana usingizi," alisema mdogo wangu.

"Nimetumia karibu tangi lote kwa ajili yako."

"Limebaki kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo kinatosha."

Nilimwangalia mwalimu anisaidie. Mwalimu alisema kwa upande mmoja ni vizuri kulala, kwa upande mwingine Jumapili hii alitakiwa kuwahi kusahihisha mitihani. Kwa hiyo tukaenda mikokoni jioni ile ya hadithi, tangi likiwa na maji ya kunawa uso.

Zimwi lilitoka pale tulipokuwa katikati ya matope. Wifi alilieleza vizuri mno, ngozi kama ya kiboko, mikono mirefu iliyosukwa kwa majani, na sauti yake mwenyewe ikashuka, mpaka mama akazima redio. Mdogo wangu hakusubiri. Alisema anaruka mgongoni kwa zimwi. Wifi akamuuliza kama ana uhakika. Alikuwa na uhakika. Akarusha dadu, likasimama kwenye moja.

Zimwi likamdaka hewani, likampiga kwenye mizizi, uhai wake wote ukaisha. Alikuwa amelala upande wa pili wa lile dude, uso ndani ya maji. Katika mchezo huu mtu akianguka hivyo hafi papo hapo. Kila zamu inapomfikia anarusha dadu, na akishindwa mara tatu ndiyo basi. Mwalimu alirusha moto, akakosa. Zimwi likanigeukia, likanipiga mimi, nikabakiwa na uhai wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Ikawa zamu yangu.

"Toa mkono, dada," alisema mdogo wangu, kutoka katika kuzimia kwake.

"Wewe umezimia. Huongei."

"Toa mkono," alisema mama dirishani.

"Mama, yuko upande wa pili. Zimwi liko katikati."

"Nyoosha."

"Lazima nimguse. Nikipita hapo linanipiga tena na mimi naanguka. Tukianguka wote wawili, nani atamwinua nani?"

"Mdogo wako anakufa na wewe unapiga hesabu."

Nilikuwa nimechoka. Si na mchezo peke yake. Wiki hiyo malori yalikuwa yamejaa mpaka barabarani, sauti ilikuwa imenikauka kwa kuelekeza watu, na asubuhi ile ile niliamshwa kutafuta miwani ya mama iliyokuwa kichwani kwake. Niliitazama karatasi yangu, ile tarakimu ndogo iliyobaki kwenye tangi. Nikasema, kwa sauti ambayo ilinishangaza mwenyewe:

"Naweka mkono kifuani kwangu."

Wifi aliinua macho.

"Kwako mwenyewe?"

"Kitabu kinakataza?"

"Hakikatazi."

"Basi najiponya. Maji yote yaliyobaki."

Kwa muda wote tuliocheza sikuwahi kufanya hivyo. Mwalimu alishusha macho kwenye kikombe. Mama alisema kitu kwa Kimakonde, lugha anayoitumia anapotaka kusema bila kujibiwa, kisha nikasikia ungo unawekwa sakafuni.

Zamu ya mdogo wangu ikafika, akarusha, akashindwa. Ya mwalimu, akakosa tena. Zimwi likanipiga, na kwa sababu ya yale maji niliyojiwekea nilibaki nimesimama, ila upanga wangu nao ulikosa. Mdogo wangu akarusha, akashindwa mara ya pili. Hapo alikuwa amesimama kwenye kiti, jasho linamtoka. Ilipofika tena zamu yangu nilisema nalipiga zimwi kwa upanga, kwa kiapo changu chote, na nikarusha dadu. Lilizunguka mezani, likagonga sahani ya vitumbua, likasimama kwenye ishirini.

Nataka nieleze ishirini ni nini. Ni pigo ambalo halikoseki. Ukilipata, madhara yanazidi mara mbili, na shujaa aliyekula kiapo anaongeza mwanga juu yake. Wifi alihesabu, akahesabu tena, akasema upanga wangu uliingia chini ya taya ukatokea kisogoni, mwanga ukawaka ndani ya mdomo wa zimwi, mikoko yote ikaonekana kama mchana, na lile dude likaanguka matopeni halikuinuka. Niliusubiri wakati huo tangu siku nilipochagua ile picha.

Hakuna aliyesema hongera. Mdogo wangu aliniambia, "Haya sasa, njoo uniguse."

"Tangi limekauka. Nimekwambia."

"Nimebakiza mara moja tu, dada. Nikishindwa nakufa."

"Najua."

"Mbabe wangu huyu nimekuwa naye tangu mwanzo."

Na kweli uso wake ulikuwa umebadilika. Mdogo wangu ni mtu mzima, ana mke, anaamrisha watu wenye nguvu kuliko yeye kutwa nzima juani, lakini pale mezani nilimwona kama alivyokuwa zamani akiwa ameangusha kitu kikapasuka. Nilianza kutafuta kwenye karatasi yangu kama kuna kitu chochote, hata kamba, hata kitambaa. Alikuwa ameshachukua dadu, analipuliza.

Mwalimu akasafisha koo.

"Samahani," alisema. "Mimi nina chupa."

Tulimtazama.

"Chupa gani?" aliuliza wifi.

"Ya dawa ya kuponya. Ile tuliyoipata kwenye pango la kwanza. Sidhani kama nimewahi kuitumia." Aligeuza karatasi yake kwa nyuma, akaonyesha kwa kalamu. "Ipo hapa. Na hii nyingine aliyotupa kuhani wa lile hekalu. Na hii."

Sijui niliinukaje. Najua kiti kilianguka. Wifi alikuwa ameshika karatasi ya mwalimu, anaisoma, mabega yanamtikisika. Chupa zilikuwepo. Zilikuwepo siku ya nyuki. Zilikuwepo siku ya paa, na ya mwenye kivuko, na kila mara alipoinua kidole chake kwa adabu kuomba mkono kwa sababu ya mwiba.

"Mwalimu," nilisema, "umetembea na dawa begani muda wote huu?"

"Nilikuwa naitunza."

"Kwa ajili gani?"

"Kwa dharura."

Mdogo wangu alikunywa ile chupa, yaani mbabe wake alinyweshwa, akafumbua macho, na pale mezani kukawa na kelele za furaha, mwalimu anapigwa mgongoni, mwalimu ameokoa, mwalimu mtu wa maana sana. Mama mwenyewe alitoka ndani kuja kumpa kitumbua kilichobaki. Zimwi langu lilikuwa limelala kwenye matope na hakuna hata mmoja aliyelikumbuka. Nilikusanya vikombe nikaingia jikoni.

Jua lilipopungua mwalimu aliaga, na kwa desturi ya kwetu mgeni husindikizwa, na kwa desturi ya nyumba yetu anayesindikiza ni mimi. Tulitembea mpaka karibu na pale bodaboda wanapokaa. Yeye ndiye aliyeanza mazungumzo.

"Umenikasirikia, dada."

"Nimekasirika, ndiyo."

"Una haki." Alitembea kidogo. "Nyumbani kwetu mama alikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi, kabatini, nyuma ya sahani za wageni. Tulikuwa watoto wengi. Ukikohoa anakuuliza, unakohoa sana au kidogo? Tulikuwa tunajua jibu. Kidogo, mama. Kwa sababu labda kesho mwenzako atakohoa sana. Basi ikakaa. Sisi tulikuwa tunakohoa na chupa ipo."

"Ikaishaje?"

"Haikuisha. Tulipohama nyumba tukaikuta imekauka, imeganda chini kama lami. Mama alikaa chini akalia. Sikuelewa wakati ule analilia nini. Mpaka leo dawa ikiwa mkononi mwangu naona ni ya mtu mwingine, anayeumwa zaidi. Ila mtu akiwa anagawa, hapo naomba. Naona kabisa kwamba haileti maana."

Nilitaka kuendelea kukasirika, na kwa kiasi fulani niliendelea.

"Lakini mwalimu, mdogo wangu alikuwa anakufa."

"Ndiyo nikatoa."

"Umetoa mwishoni kabisa."

"Kwetu dawa ilikuwa inatolewa mwishoni, dada."

Nilimwitia bodaboda. Alipopanda aliniambia, kana kwamba amekumbuka jambo dogo la kazini, "Lile pigo la upanga lilikuwa zuri sana. Lilinitisha." Akaondoka. Nikasimama pale na hasira yangu, ambayo haikuwa na pa kukaa tena.

Nyumbani nilimkuta mama barazani, amekaa kwenye kiti changu. Meza ilikuwa bado na makombo na lile dadu.

"Nilikuwa nafikiri," alisema. "Wewe ukiumia katika hadithi hiyo, nani anakuwekea mkono?"

"Hakuna. Ni mimi mwenyewe."

"Mwalimu hawezi?"

"Hawezi."

"Mdogo wako?"

"Mama, mdogo wangu."

Alikubali kwa kichwa, kwamba hilo swali halikuwa la kuulizwa. Alilishika dadu akaligeuza, anatafuta upande wenye namba anayoijua. Hakuniomba radhi, na sikutegemea. Alisema tu kwamba nilipojiwekea mkono yeye alikasirika, halafu akaona ningeanguka, halafu akakasirika tena kwa sababu nilikuwa na haki. Alisema pia nisizoee.

Jumapili iliyofuata niliweka sharti. Kabla mtu hajatamka neno mkono, anamwaga mkoba wake mezani na kusoma kwa sauti kila kitu alichonacho. Mdogo wangu alisema huo ni ukaguzi wa forodha. Nikamwambia ndiyo, na mkaguzi ni mimi, kazi hiyo naiona kila siku. Tuligundua kwamba mbabe anatembea na asali iliyobaki, kengele ya kanisa ambayo hakuna aliyejua ameipata wapi, na majani ya kuzuia damu aliyopewa na wanakijiji na kuyasahau. Wifi aliandika yote kwa furaha isiyo na aibu. Mwalimu alitumia chupa moja siku hiyo bila kuombwa, kwa ajili ya jeraha langu, mkono wake ukisita hewani kabla hajasema. Nilikunywa. Halikuwa jeraha kubwa lakini sikumwambia.

Mdogo wangu alivumilia sharti kwa muda, halafu akarudi alivyo. Siku hizi tunasafiri na punda, wa kubebea mizigo, tuliyepewa kwa kuua lile zimwi. Juzi mdogo wangu alisema mbabe wake anampanda punda na kuwavamia majambazi kilimani. Nilimkataza. Mwalimu alimkataza. Wifi alimuuliza kama ana uhakika. Majambazi walikuwa na pinde, na baada ya muda mfupi mbabe alikuwa chini ana mshale wa bega, na punda yuko chini pembeni yake ana mshale wa ubavu.

Tangi langu lilikuwa limebaki na maji ya mtu mmoja. Nilipanda kilimani. Mdogo wangu alikuwa ameshanyoosha shingo.

"Namwekea punda," nilisema.

"Dada."

"Punda hakutaka kwenda. Namwekea punda."

Aliinua macho dirishani. Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa haraka. Alitoa jiwe dogo akalitupa nje, likapita juu yetu.

"Mwache dada yako," alisema. "Huyo punda ndiye anayebeba vitu."

Mdogo wangu alinuna, akafungua mkoba wake kwa hasira, na akaanza kutafuta yale majani.